Abul Qasim az-Zahrawi: Tabibu Aliyewafundisha Watu Kuunga Mfupa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.



Hapa kwetu Basotu hakuna asiyemjua mtoto aliyevunjika. Mmoja ameanguka juu ya mti akitafuta matunda, mwingine ametupwa na punda wakati wa kuteka maji, mwingine amekanyagwa na ng'ombe machungani au ameteleza kwenye mkokoteni uliojaa magunia ya ngano. Siku hizi pikipiki nazo zimeongeza idadi. Mtoto analia, mguu umepinda, na watu wazima wamesimama wakishauriana: apelekwe kwa mzee anayejua kuunga mifupa, au apelekwe hospitali?

Katika saa hiyo ya mashauri mguu au mkono wa mtoto unaweza kuokoka, na unaweza kupotea. Kwa sababu hiyo, mwaka huu tumeona tuwaletee maisha ya Muislamu mmoja aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mbali sana na Mlima Hanang, lakini aliandika kuhusu jambo hili hili kana kwamba amekaa nasi. Mtu huyo ni Abul Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi, Allah amrehemu. Wazungu walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Albucasis.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WAKE

Az-Zahrawi alizaliwa katika nchi ya Andalus, ambayo leo ni Hispania, karibu na mwaka 936 Miladia. Wakati huo Andalus ilikuwa chini ya utawala wa Waislamu, na mji wake mkuu ulikuwa Qurtuba, yaani Cordoba. Mwaka huo huo wa 936 Khalifa Abdurahman wa Tatu alianza kujenga mji mpya wa kifalme chini ya mlima, nje kidogo ya Qurtuba, akauita Madinat az-Zahra. Kutokana na mji huo tabibu wetu akaitwa az-Zahrawi. Aliitwa pia al-Ansari, kwa kuwa nasaba yake ilirejea kwa Ansari wa Madina, wale waliompokea Mtume (S.A.W.) alipohama kutoka Makka.

Qurtuba ya siku zile ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia. Palikuwa na msikiti mkubwa ambao nguzo zake zingalipo mpaka leo, palikuwa na hamamu, soko la vitabu na wanavyuoni wa kila fani. Khalifa Hakam wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 961 hadi 976, alipenda vitabu mno, akavikusanya kwa maelfu kutoka Misri, Sham na Baghdad. Huo ndio mji ambao az-Zahrawi aliusomea na kuutumikia. Hakuzunguka ulimwengu kutafuta umaarufu. Alikaa na wagonjwa wake, akatibu, akafundisha, na akaandika aliyoyaona.

KITABU CHA MIAKA HAMSINI

Karibu na mwaka 1000 az-Zahrawi alikamilisha kitabu chake kiitwacho Kitab at-Tasrif. Kilikuwa na sehemu 30, na ndani yake mlikuwa na matunda ya kazi ya takriban miaka 50. Sehemu nyingi zinahusu maradhi, dawa, namna ya kuzichanganya na vyakula vya wagonjwa. Iliyompa heshima kubwa zaidi ni ile ya mwisho, ya 30, ambayo yote inahusu upasuaji.

Sehemu hiyo aliigawa mafungu matatu. La kwanza linahusu kuchoma kwa chuma cha moto, tiba iliyokuwa ikitumika sana zama hizo. La pili linahusu kupasua, kutoa damu, kushona majeraha na kutoa mishale. La tatu, lenye milango 35, linahusu mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Ndani ya kitabu alichora picha za vyombo vya kazi vipatavyo 200: visu, misumeno midogo, ndoana, koleo, sindano na patasi. Alichora ili mwanafunzi wa mbali, asiyepata kukaa mbele yake, aweze kumpelekea mhunzi picha ile na kutengenezewa chombo kama kile.

Tena alikuwa akiwaita wanafunzi wake wanawe. Hakuwaandikia kama bwana anayetoa amri. Aliwaandikia kama mzazi anayeogopa mwanawe asije akamdhuru mtu.

KWA NINI ALIOGOPA

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwanzoni mwa sehemu ya upasuaji az-Zahrawi anaeleza kwamba katika nchi yake elimu ya upasuaji ilikuwa karibu kutoweka. Waliokuwa wakiifanya wengi wao hawakuijua hali ya ndani ya mwili: mifupa imekaaje, mishipa inapita wapi, misuli imeshikana vipi. Anasimulia habari za matabibu aliowajua yeye mwenyewe. Mmoja alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke bila kujua mishipa mikubwa ilipo, akaukata mshipa na yule mama akatokwa na damu mpaka akafariki. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu kwa nguvu, likatoka na kipande cha kibofu chenyewe, na mgonjwa hakuishi siku nyingi.

Alipofika kwenye fungu la mifupa, aliweka wazi kwamba kazi hii ndiyo iliyoingiliwa zaidi na watu wasiosoma. Kila mtu alijiona anaweza kuvuta mguu na kuufunga. Dini yetu nayo imeliona jambo hili: Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye kujitia utabibu hali hana ujuzi wake, hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Az-Zahrawi aliishi kwa hofu ya dhamana hiyo. Akawausia wanafunzi wake wasishike kisu kabla ya kuujua mwili, na wasikubali kumtibu mgonjwa kwa tamaa ya mali pale ambapo hawana uhakika.

MAFUNZO YAKE JUU YA MFUPA ULIOVUNJIKA

Sasa, enyi wanafunzi, tazameni alivyoeleza namna ya kuuguza mfupa.

Kwanza, alitofautisha mtoto na mtu mzima. Alieleza kuwa mifupa ya watoto ni laini, kwa hiyo hushikana na kuungana vizuri kuliko ya wazee ambayo imekauka. Pia aliandika kuwa mwili wenyewe huizungushia sehemu iliyovunjika kitu mfano wa gundi, kinachokuwa kigumu mpaka mfupa ukapata nguvu. Tabibu haungi mfupa. Tabibu huuweka mfupa mahali pake, na Muumba ndiye anayeuunga kwa nguvu alizoziweka ndani ya mwili.

Pili, alifundisha kuunyoosha mfupa kwa upole. Kuvuta kwa nguvu na kwa pupa huongeza uvimbe na maumivu.

Tatu, alieleza namna ya kufunga. Bandeji iwe imara mahali palipovunjika, na kadiri inavyokwenda mbali na hapo ilegee. Juu yake yawekwe mabanzi, yaliyochongwa vizuri kwa matete mapana, mbao nyepesi au makuti ya mtende. Kama mahali pamevimba sana, mabanzi yasiwekwe haraka, bali asubiri siku kadhaa mpaka uvimbe upungue.

Nne, na hili ndilo kubwa, tabibu asifunge kisha akaondoka moja kwa moja. Mgonjwa akihisi mwasho, maumivu au uvimbe unaozidi, vifungo vilegezwe mara moja, pahali papumzishwe, kisha pafungwe upya. Na kama pamevunjika pakawa na kidonda, kidonda kisizibwe ndani ya mabanzi, bali kiachiwe nafasi ya kutazamwa na kusafishwa kila mara.

Tano, pale mfupa ulipochomoza nje ukakataa kurudi, au vipande vilipomchoma mgonjwa ndani, hapo ndipo alipotumia chuma. Alieleza namna ya kukata ncha ya mfupa kwa msumeno mdogo na kutoa vipande vilivyokufa. Anasimulia pia habari ya kijana aliyeumwa mguu kwa muda mrefu, matabibu wakamshindwa na usaha ukawa unatoka kwenye matundu mengi. Az-Zahrawi alipompima aliona mfupa wa muundi umeoza ndani. Akaukata kidogo kidogo na kuutoa ule uliooza, upatao urefu wa shibiri moja. Pahali pale pakajaa nyama ngumu, na yule kijana akaweza kutembea.

Sita, alihimiza chakula. Mtu aliyevunjika alishwe vyakula vizito vyenye kunata kama wali, miguu ya mnyama, utumbo, mayai na samaki wabichi. Kina mama wa Basotu wanaompikia mgonjwa supu ya kongoro, na wanaonunua samaki wa ziwani kwa ajili yake, wako kwenye njia ya zamani sana.

ALIJIFUNZA KWA WENGINE, NA WENGINE WAKAJIFUNZA KWAKE

Az-Zahrawi hakudai kwamba kila kitu kilianza kwake. Mengi katika mifupa aliyachukua kwa tabibu wa Kigiriki Paulo wa Aegina, aliyeishi katika karne ya 7, akayapima kwa mikono yake, akaongeza na kusahihisha. Hakuiacha elimu kwa sababu mwenyewe hakuwa wa dini yake.

Na elimu yake nayo haikuishia kwa Waislamu. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu cha upasuaji kwa Kilatini. Mfaransa Guy de Chauliac, aliyeandika kitabu kikubwa cha upasuaji mwaka 1363, alimtaja az-Zahrawi zaidi ya mara 200. Mwaka 1465 tabibu wa Kituruki Sabuncuoğlu aliandika kwa lugha yake kitabu cha upasuaji kilichotegemea at-Tasrif, akakitia picha za rangi. Mwaka 1497 kazi ya az-Zahrawi ikapigwa chapa Venice. Kwa mamia ya miaka, mwanafunzi wa upasuaji wa Ulaya alikuwa akisoma kwa mwalimu wa Kiislamu.

KUFARIKI KWAKE

Mwisho wa umri wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1009 fitna ilizuka Andalus, Waislamu wakapigana wao kwa wao. Mwaka 1010 Madinat az-Zahra, mji uliompa jina, ukavamiwa na kuporwa, na baadaye ukabaki magofu. Qurtuba yenyewe ikazingirwa, ikaanguka mwaka 1013. Az-Zahrawi alifariki wakati huo huo, baada ya mwaka 400 Hijria, kama alivyoandika mwanachuoni al-Humaydi. Kasri zilizojengwa kwa marumaru zilivunjika. Kitabu kilichoandikwa kwa wino kikabaki. Hilo peke yake ni somo la kutosha kwa mwenye akili.

KUTOKA KWAKE MPAKA LEO

Tusifikiri kwamba az-Zahrawi hakukosea. Alichoma kwa moto maradhi mengi ambayo leo hayachomwi. Hakuwa na dawa ya usingizi kama ya leo, wala hakujua habari za vijidudu. Aliwalaumu walioufunja upya mfupa ulioungana vibaya, na kwa zama zake alikuwa na haki, maana hatari ilikuwa kubwa. Leo daktari anaweza kuukata mfupa uliopinda na kuunyoosha, mgonjwa akiwa usingizini. Elimu inakua.

Mwaka 1852 daktari wa Kiholanzi Mathijsen alieleza bandeji ya plasta, ile ambayo vijana wetu wanaiita hogo. Mwaka 1895 Röntgen wa Ujerumani akagundua miali ya eksirei, na mfupa ukaonekana bila kupasua. Kabla ya hapo, mwaka 1881, Mjerumani mwingine, Volkmann, alieleza kwa nini mkono uliofungwa kwa kukazwa mno hukauka na vidole kujikunja. Damu haifiki kwenye misuli, na misuli iliyokosa damu huanza kufa baada ya saa chache. Ni lile lile ambalo az-Zahrawi aliwaonya wanawe kulilegeza mara moja.

Katika mifupa mirefu ya watoto, yaani paja, muundi na mifupa ya mkono, si kila aliyevunjika hupasuliwa. Mtoto mdogo wa chini ya miaka 5 aliyevunjika paja mara nyingi hutibiwa kwa kuvutwa mguu kwa uzito au kwa plasta inayoanzia kiunoni, na baada ya wiki chache huungana. Mfupa wa mtoto hata ukiungana na kupinda kidogo, huweza kujinyoosha kadiri anavyokua. Mtoto wa miaka 5 hadi 11 hivi anaweza kuwekewa fimbo mbili nyembamba za chuma zinazopindika, zinazopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa kupitia tundu dogo. Njia hii ilikuzwa na madaktari wa mji wa Nancy, Ufaransa, kuanzia miaka ya mwisho ya 1970. Mtoto huamka kitandani mapema na kurudi shule, na mfupa ukishapona vyuma hutolewa. Aliyevunjika juu kidogo ya kiwiko, na mfupa ukahama, huwekewa waya ndogo za kuushikilia kwa muda wa wiki 3 au 4. Na mwenye kidonda kikubwa huweza kuwekewa vyuma vya nje, ambavyo watu huviita antena, ili kidonda kioshwe kila siku.

Jambo analochunga sana mpasuaji wa watoto ni ile sehemu laini iliyo karibu na ncha za mfupa, ambayo ndiyo inayorefusha kiungo. Ikiumizwa, mguu mmoja huweza kubaki mfupi au kupinda. Kwa hiyo hapitishi chuma hovyo. Lazima aujue mwili kabla ya kushika kisu, kama alivyousia mzee wetu wa Qurtuba.

USIA KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Hatuwatukani wazee wetu wanaounga mifupa. Wengine wana mikono mizuri na huruma. Mabanzi nayo si kosa, kwani hata az-Zahrawi aliyatumia. Kosa ni kukaza na kuacha. Kosa ni kumwambia mtoto avumilie wakati vidole vyake vinabadilika rangi. Mtoto wa namna hiyo huenda akafikishwa hospitali baada ya siku 5 mkono umekwisha kufa, na hapo daktari hana la kufanya ila kuukata. Alitoka nyumbani amevunjika mfupa tu, akarudi hana mkono. Msiba huo unazuilika.

Kwa hiyo, mtoto akivunjika:

1. Asivutwe wala asikandwe. Kiungo kitulizwe kwa ubao uliozungushiwa kitambaa, kisikazwe. Mkono unaweza kuning'inizwa shingoni kwa khanga.
2. Kama kuna kidonda, kifunikwe kwa kitambaa safi. Kisitiwe majivu, samadi wala dawa ya unga.
3. Asilishwe chakula, huenda akahitaji dawa ya usingizi.
4. Apelekwe mapema kwenye kituo cha afya au hospitali yenye eksirei. Kwa ukanda wetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika wilaya ya Mbulu, imewahudumia watu wa dini zote. Kwa mambo makubwa zaidi ipo KCMC Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996.
5. Akiwa amefungwa, iwe kwa plasta au kwa mabanzi, vidole viangaliwe mara kwa mara, usiku na mchana. Maumivu yakizidi, vidole vikivimba, vikawa baridi, vikabadilika rangi, vikafa ganzi au vikashindwa kunyooka, msingoje asubuhi. Kifungo kilegezwe na mtoto arudishwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dua tuziombe, na kisomo kifanywe, kwani shifaa ni ya Allah peke yake. Lakini dua haimzuii mtu kufunga safari. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba.

Nanyi wanafunzi wa madrasa yetu, mnaposoma hesabu na sayansi shuleni asubuhi na Qur'an jioni, msione kwamba hizo ni njia mbili zinazogombana. Az-Zahrawi alikuwa Muislamu aliyekaa miaka 50 akitazama mifupa, na ndani yake aliona kazi ya Mola wake. Kesho katika ninyi, wavulana na wasichana, atoke mmoja atakayesimama chumba cha upasuaji, mtoto wa Basotu amelala mbele yake, naye aanze kwa Bismillah, akijua mshipa unapita wapi.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Abul Qasim az-Zahrawi, awaponye watoto wetu walio vitandani, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.